Zungusha Mara Ishirini: Hotuba kwa Mafundi Vijana Kuhusu Ekseli za Mtumba

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Na wale wa mambo vipi, tupo.

Naona wengine mmekalia matairi, wengine bloku za injini, na yule pale kakalia tangi la dizeli. Zima sigara, kijana wangu, mengine tutaelewana baadaye. Nimeombwa niseme nanyi nusu saa kabla jua halijatufukuza hapa Gerezani, Dar es Salaam. Nimekuja na chaki, brashi ya waya, futi kamba na kalipa ya kupimia. Hii ekseli iliyo juu ya stendi si yangu, kaniazima jirani mwenye duka, na kaniomba nisiikwangue sana rangi. Rangi yenyewe kaipaka juzi. Nitaikwangua kidogo tu, jirani, usininunie.

Mteja akija dukani, swali lake la kwanza ni lile lile: hii imetoka gari gani? Na muuzaji anajibu bila kupepesa macho. Pengine anasema kweli. Lakini jina la gari ndicho kitu kinachokusaidia kidogo kuliko vyote. Kiwandani gari la jina moja, la mwaka mmoja, hutoka na ekseli za resho tofauti, yaani propela, ile fimbo ndefu ya kutoka gia boksi, inazunguka mara ngapi tairi likizunguka mara moja: aliyeagiza kwa ajili ya barabara ndefu kapewa ya mbio, aliyeagiza tipa kapewa ya nguvu. Kwa nje ganda ni lile lile, boliti zile zile, hata hafushafti, zile fimbo za ndani zinazozungusha matairi, zinaingia. Tofauti imejificha ndani kwenye meno, na meno hayasemi mpaka uyahesabu.

Hili sikulijua kwa kusoma. Nilijifunza kwa mfuko wangu mwenyewe, na nitawaeleza, maana aibu yake imeshapoa.

Nilikuwa na umri kama wenu. Tajiri mmoja aliniletea lori la difu mbili, difu ni zile gia za katikati ya ekseli zinazopeleka nguvu ya propela kwenye matairi, difu ya nyuma kabisa imekula meno. Nikaenda kutafuta kichwa cha difu cha mtumba, nikakipata siku hiyo hiyo. Boliti zikakaa. Meno ya hafushafti yakaingia kama yamezaliwa humo. Flenji, lile sahani la kuungia propela, sawasawa. Nikafanya nilichoona mafundi wakubwa wanafanya: nikazungusha flenji mpaka habu, kile kitovu kinachobeba tairi, ikamaliza mzunguko mmoja, nikahesabu. Kama sita. Nikazungusha ile difu ya mbele iliyobaki kwenye gari. Kama sita. Nikafunga, nikajaza oili, nikalipwa, nikala kuku.

Gari lilikwenda Mbeya na saruji, likarudi. Dereva akaniambia, "Fundi, difu inanuka." Nikamwambia oili ni mpya, inachangamka. Nililisema hilo kwa mdomo huu huu. Safari ya pili likapanda Kitonga. Mnaoijua Kitonga mnajua, kona juu ya kona, huku ukuta wa mlima na huku bonde. Katikati ya mlima ukasikika mlio kama mtu kavunja sahani, propela ikawa inazunguka bure na gari halina pa kwenda. Utingo akaruka na mawe akayapachika nyuma ya matairi. Namshukuru Mungu na yule utingo, kwa mpangilio huo.

Tulipofungua, difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ilikuwa imegeuka rangi ya buluu kwa joto. Gia zake ndogo zimegandamana na msalaba wake. Ndipo fundi mmoja wa Iringa, mtu mpole sana, akanikalisha chini, akafungua vichwa vyote viwili, akanipa chaki akasema hesabu. Krauni ya mbele, yaani gia kubwa ya difu, meno 41; pinioni, gia ndogo inayoisukuma, 7. Krauni ya nyuma, niliyoinunua mimi, meno 43, pinioni 7.

Meno mawili. Gawanyeni: 41 kwa 7 ni 5.86, na 43 kwa 7 ni 6.14. Zote mbili, kwa mtu mwenye haraka, ni "kama sita".

Sasa fuateni hesabu. Kila tairi likizunguka mara moja, ekseli ya nyuma inadai propela izunguke zaidi ya inavyodai ya mbele, kwa robo ya mzunguko na ushee. Tairi la lori kubwa likizunguka mara moja linakwenda mita 3.3 hivi, kwa hiyo kilomita moja ni mizunguko kama 300. Tofauti kwa kilomita moja ni mizunguko zaidi ya 80. Mzigo huo wote unaangukia ile difu ya kati, ambayo kazi iliyopewa ni kona, na tairi jipya likikaa karibu na lililochakaa. Inatakiwa ifanye kazi kidogo kisha ipumzike. Mimi niliifanyisha kazi bila kupumzika kwa zaidi ya kilomita 2,000, ikiwa na tani za saruji mgongoni. Na dereva angekuwa na tabia ya kufunga loki ya difu, inayolazimisha ekseli zote mbili zizunguke sawa, kwenye lami, tusingefika hata Kitonga. Kitu kingekatika mapema, au matairi yangeisha kwa kusuguana.

Nililipa kwa kufanya kazi miezi minne bila kushika hela. Basi nisikilizeni vizuri hapa, maana hii ndiyo iliyonileta.

Usizungushe mara moja. Ekseli ikiwa juu ya stendi na hafushafti zake ndani, mwambie mwenzako azuie habu ya upande mmoja isitikisike. Chora alama ya chaki kwenye habu ya upande wa pili, na nyingine kwenye flenji. Zungusha flenji mpaka ile habu iliyo huru imalize mizunguko 20 kamili. Kwa sababu upande mmoja umezuiwa, habu huru inakwenda mara mbili ya krauni, hivyo habu 20 ni krauni 10. Idadi ya mizunguko ya flenji igawe kwa 10, hiyo ndiyo resho yako. Ile ya 41 kwa 7 itakupa 58 na nusu. Ile ya 43 kwa 7 itakupa 61 na kitu. Hapo hata aliyekimbia hesabu darasa la nne anaona.

Ukijaribu kuzuia habu moja ukakuta difu nzima imegoma, ujue aina yake ni ya kujifunga, au kuna mtu kaichomelea ndani. Ya kuchomelewa ipo, msicheke, nimeikuta. Ikiwa ni ya kujifunga tu, ziache habu zote mbili zizunguke pamoja mara 10.

Kichwa cha difu kikiwa nje, kazi ni nyepesi zaidi: paka jino moja chaki, hesabu mpaka urudi kwake. Mara nyingi hata kuhesabu hakuna haja, maana idadi imegongwa kwenye ubavu wa krauni, 41-7 au 7/41, ukisugua grisi utaiona. Karibu na hapo kuna namba nyingine ndogo, na kwenye uso wa pinioni kuna namba kama hiyo hiyo. Hizo ni namba za ndoa. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani mpaka zizoeane, na zikitenganishwa hazikai tena vizuri na mwingine. Muuzaji akikuuzia krauni ya kifurushi kimoja na pinioni ya kingine, hata kama meno yanalingana, utapata mlio kama wa mbu gari likishika mwendo, na huo mlio hauishi, unakua.

Mnajua kwa nini wametumia 41 na 7, wasitumie 42 na 7? Ingekuwa 42, kila jino la pinioni lingekutana na meno yale yale sita ya krauni maisha yake yote. Kwa 41, kila jino linapita kwa meno yote kabla ya kurudi lilikoanzia, uchakavu unasambaa. Hilo halina faida yoyote mkiwa dukani, ila mimi hunifurahisha.

Tahadhari moja kwa wanaoshughulika na malori ya Kichina, Howo na nduguze: zile ekseli zenye upunguzaji kwenye habu. Mtu anafungua kichwa cha difu, anakuta krauni meno 28 na pinioni 17, anagawanya anapata 1.65, anaruka juu kwamba kapata ekseli ya ndege. Tulia. Ndani ya habu kuna gia za sayari zinazopunguza tena mara 3.48, na ukizidisha unapata 5.73. Kwa ekseli za namna hii, kuhesabu meno ya krauni pekee ni kujidanganya. Zungusha flenji uhesabu habu, maana hapo umechukua vyote viwili. Utaitambua kwa macho: kichwa cha difu kidogo, halafu habu zina matumbo.

Sasa turudi kwenye rangi ya jirani. Kuna namba za aina tatu kwenye ekseli, na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni kibati. Ndicho kinachosema ukweli mwingi. Kwa ekseli za Kimarekani za Rockwell kwa mfano, ukikuta RT-40-145, ile 40 ni pauni 40,000 kwa ekseli mbili pamoja, yaani tani 18 na kidogo, na resho huandikwa hapo hapo. Kwa Toyota, kibati kiko kwenye gari lenyewe, kina mstari wa gia boksi na ekseli, kwa hiyo ukienda kununua difu ya Hilux nenda umekwisha kunakili mstari huo. Ya pili ni namba iliyogongwa kwa nyundo. Ya tatu ni namba iliyovimba, iliyotoka na ganda kwenye ukungu. Hiyo ya kuvimba ndiyo inayoonekana kirahisi na ndiyo wateja wanaopenda kuipiga picha na kutumiana. Inakuambia ganda limemiminwa kwenye ukungu gani, basi. Ganda moja linabeba resho hata tano.

Kibati nacho kina miguu. Boliti mbili tu zimekishika. Angalia kama rangi imeingia chini yake, na kama boliti zina makovu mapya ya spana. Hiki hapa, ona, nimepiga brashi kidogo: chini ya rangi ya juzi kuna kutu, na chini ya kibati hakuna kutu hata kidogo. Maana yake kimekaa hapo siku nyingi. Jirani, umepita mtihani wa kwanza.

Vipimo vya nje nitapita haraka, maana hivi mnavijua na ni futi kamba tu. Pima uso wa habu mpaka uso wa habu. Pima katikati ya kiti cha springi mpaka katikati ya kingine, na tundu la sentaboliti. Angalia difu iko katikati au imesogea pembeni, maana propela haipindi kwa kukuonea huruma. Flenji: tundu nne au nane, na kwa magari mengi ya Ulaya uso wake una meno ya kukatizana ambayo hayakubali flenji laini.

Stadi, zile boliti za kufungia tairi, zinastahili muda zaidi. Lori la Ulaya, stadi 10 kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 335. Malori mengi ya Kijapani ya zamani yana duara la 285 hivi, na stadi za upande wa kushoto hufunguka kinyume. Nimeona kijana ananing'inia kwenye bomba la spana upande wa kushoto wa Fuso mpaka akakata stadi tatu, anakaza huku anadhani anafungua. Kwa stadi za shufwa, pima kutoka katikati ya moja mpaka ya pili inayotazamana nayo. Kwa stadi tano hakuna inayotazamana na nyingine. Pima kutoka moja mpaka jirani yake, zidisha kwa 1.7. Land Cruiser ya stadi tano itakupa 88 hivi kati ya majirani, yaani duara la 150. Nawasemea hasa mnaohudumia magari ya watalii kule Arusha: Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilihama kutoka stadi sita kwenda tano mwaka 1999, na mtu akikuuzia ekseli ya Land Cruiser ya kabla ya hapo, utabeba spea mbili za tairi kila safari. Na kwa gari la kuvuta mbele na nyuma, resho ya mbele na ya nyuma lazima ziende pamoja. 41 kwa 10 na 43 kwa 10 ni meno mawili yale yale yaliyonipandisha Kitonga.

Beringi nazo zinasema. Usiulize ni ya gari gani, soma namba kwenye uso wake. Kwa beringi za milimita, mara nyingi tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa tano umepata tundu lake. 33118 ni tundu la 90. 33213 ni 65. 32310 ni 50. Ukiwa na kalipa, unaweza kupima shingo ya ekseli ukajua tundu la beringi yake hata kama imekuja bila beringi.

Kwa ekseli za tela, difu hakuna, kwa hiyo watu wanadhani hakuna cha kukosea. Kuna BPW, SAF, ROR, York, Fuwa, na siku hizi chuma cha kila jina. Bimu ya mraba ya 150 haikai kwenye viti vya bimu ya duara ya 127, hilo unaliona. Usiloliona ni kupinda. Egesha bapa la chuma lililonyooka kwenye uso wa kila habu, pima kati ya mabapa kwa mbele, kisha kwa nyuma, kisha juu, kisha chini. Mbele na nyuma zikitofautiana kwa zaidi ya milimita chache, iache, itakula matairi ya mwenye gari na mwenye gari atakula wewe. Kama tela lako lina ABS, breki zisizofunga tairi, hesabu na meno ya pete yake. Ya 100 na ya 80 haziishi kwenye tela moja.

Halafu kovu la gesi. Ekseli nyingi hapa mjini zimekatwa kwenye chesisi kwa moto, na mkataji analipwa kwa uzito, si kwa uangalifu. Akigusa bimu kidogo tu anaacha mkwaruzo, na mkwaruzo ni mlango wa ufa. Pangusa hapo na mafuta ya taa, acha kidogo, kausha kwa kitambaa mpaka pawe pakavu kabisa, kisha paka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda polepole na kuchora mstari mweusi juu ya chaki nyeupe. Ukiuona mara moja hutausahau. Na msinichomelee bimu upande wa chini. Hapo ndipo panapovutwa kila tairi likigonga shimo.

Kuna swali lililoulizwa huku nyuma asubuhi: nikiweka ekseli ya tani 16, si nitabeba zaidi? Ekseli itabeba, barabara haitakubali. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika kwetu Machi 2019, inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, tani 24 kwa zile tatu za tela, na tani 56 kwa gari lote. Mizani ya Vigwaza haiulizi chuma chako kina nguvu gani.

Na risiti. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iandikwe namba iliyogongwa kwenye ekseli, si "difu moja". Siku polisi wakitafuta gari lililopotea, karatasi hiyo ndiyo itakayokulaza nyumbani kwako.

Nimeongea vya kutosha, na jirani anatazama saa. Anasema hii hapa ni ya 41 kwa 7, na mimi bado sijaihesabu. Wewe mwenye ovaroli ya bluu, njoo uzuie habu ya kulia, tumia goti kama mkono haufiki. Dada mwenye kilemba, shika flenji, hiyo alama ya chaki ianzie juu. Mimi natazama habu ya kushoto, nikifika 20 nitapiga kelele. Wengine wote hesabuni flenji kwa sauti, na msiruke. Tayari? Moja.